Mwaka Damu Ilianguka ku Kiwanja cha Tenisi

Kile kiwanja chetu kilianza kwa kuua. Palikuwa na kichuguu kirefu kupita nyumba, karibu na barabara yenye kushuka ku ziwa, na batu ba kambi ya bakimbizi pamoja na batu ba kijiji tulikishambulia na majembe na mitalimbo mupaka kikapasuka kifua. Mchwa benye vichwa vikubwa balitoka bakatuuma. Mimi nilikuwa ningali mutoto wa kubeba beseni, na nilicheka siku nzima, miguu imevimba.

Mwenye wazo hilo alikuwa fundi wa mota za mashua, Mukongomani kama sisi, tulimuita Papa Mota. Mu bujana wake alikuwa anaokota mipira ku klabu ya bazungu ba mine ya shaba, kule Katanga, na kule viwanja vilikuwa vyekundu. Akatuambia udongo wa kichuguu ukitwangwa muzuri unashinda ule wa bazungu. Bon, mama zetu bakapanga laini na michi ya kutwangia mihogo, bakautwanga ule udongo bakiimba, kisha bakausiriba kama sakafu ya nyumba. Mistari ilikuwa chokaa. Wavu ulikuwa wavu wa samaki wenye kuchoka.

Pahali pale palikuwa pa mwine mushi, mukubwa wa kijiji. Alitupatia kwa sharti moja, na alilisema mbele ya bote:

"Chezeni. Mutu akianguka akapasuka goti, ile ni damu ya mchezo, haina kesi. Lakini siku batu batapigana hapa na damu ianguke, nitapanda mihogo. Sitauliza nani alianza."

Basi kila mwaka, mvua ikiisha na udongo ukikauka, balikuja bachezaji ba vijiji vya Puta, Kabuta na Mofwe, raketi zimefungwa nyuma ya kinga, baiskeli zao, kama samaki wa kuuza. Balilala mu nyumba za batu, bakila bukari yetu, ugali wa mihogo. Usifikiri tenisi ni mchezo wa bapole. Mutu wa Kabuta alikuwa anapiga mupira moja kwa moja ku mwili wa mwenzake, na mwaka moja alimungoa mutu jino. Ule mwenye jino akalitema mu mukono, akalitia mu mufuko, akasema, "Endelea, nitalizika kesho." Tulipenda ile ukali. Ulikuwa na mistari pembeni yake.

Sasa lazima niwaelezee utani, kwa sababu bila huo hamutaelewa namna tulivyojimaliza.

Huku Luapula mutu wa ukoo wa mamba na mutu wa ukoo wa samaki ni batani. Mutani wako anaweza kukutukana mbele ya bakwe zako. Anaweza kukunyangʼanya nyama ku sahani. Hata ku matanga anaweza kushuka mu kaburi mbele ya maiti na kukatala kutoka mupaka bamubembeleze. Ukikasirika, kosa ni lako. Sisi ba ngʼambo ya ziwa tulichukua muda kuzoea, lakini yaya yangu, kaka yangu mukubwa, alizoea mbio. Mu soko palikuwa muuza chumvi, Mubemba wa ukoo wa mamba, na yaya alimudanganya, ao pengine hakumudanganya, kwamba bankambo, mababu ba mama yetu, balikuwa batu ba samaki. Tangu ile siku ule muuza chumvi hakumuacha.

"We kasamaki! Leo nakula na kichwa!"

"Mamba bila meno! Kwanza kunywa uji!"

Balipendana kupita ndugu.

Ule mwaka wa mwisho yaya alifika finali, na mutu wa Puta. Lakini mimi nilikuwa na finali yangu mu kichwa. Papa Mota alikuwa amesema mwaka wenye kufuata sisi banamuke tutacheza, na mwine mushi alikubali. Nilikuwa na raketi, nyuzi zake nailoni ya kuvulia. Asubuhi kabla ya kwenda ku soko nilikuwa napiga mupira, nasimama ku kona ya nyuma, mukono wa kuume, na nilishajionea batu ba Mofwe bananipigia makofi.

Mwenye kunirudishia mupira alikuwa kijana mumoja mupya. Mu kambi balikuwa baliingia batu bapya ile mwaka, na yeye alilala mu jikoni yetu majuma ya kwanza. Alikuwa mupole, alisalimia hata kuku. Siku moja, bakimenya mihogo, alimuambia mama kwamba kule kwao balimupa baba yake jembe, bakamuambia chimba, kisha bakamuzika mule mule alimochimba. Alisema mara moja tu. Mama hakumuuliza tena.

Finali ilikuwa kali. Mutu wa Puta alikuwa na mukono kama kasia, na yaya alikuwa anateleza ku udongo kufuata kila mupira. Mara akateleza mingi, akaanguka kifudifudi, puu! Vumbi likapanda. Pale pale muuza chumvi akaruka kamba ya kuzuia batazamaji, akashika udongo mikono yote mbili, akamumwangia mu mugongo.

"Kafa! Leteni jembe! Namuzika leo! Nazika yeye na mama yake na bote ba nyumba yake!"

Batu ba kijiji bakapasuka na kicheko. Yaya mwenyewe alikuwa anacheka mule mu udongo, mabega yanatetemeka. Lakini ukimuangalia kwa nyuma, mutu mwenye kulala chini anatetemeka mabega, huwezi kujua kama anacheka.

Ule kijana alikuwa nyuma.

Niliona kasia ya mashua tu, mu mikono yake. Mutu alikuwa ameiegemeza ku muti wa wavu. Ilizunguka juu, ikashuka ku uso wa muuza chumvi na sauti kama mutu anavunja muhogo mukavu. Akaanguka juu ya yaya. Damu ilitoka mu jicho, ikaingia mu chokaa ya mustari.

Kisha kila mutu akaingia. Batu ba kijiji bakamurukia kijana na ngumi, batu ba kambi bakabarukia na mawe. Raketi zilivunjika ku vichwa. Papa Mota alisimama katikati akipandisha mikono, "Batoto bangu! Batoto bangu!", na ngumi moja ikamutoa sauti na meno. Yaya alikuwa analia, "Ni utani! Ni mutani wangu!", lakini nani angesikia? Mimi nilimulalia ule kijana. Sijui nilifikaje. Balipiga mbavu zangu na mateke yaliyotumwa kwake, na chini yangu alikuwa anasema pole pole, kama anaomba Mungu: "Hamutamuzika. Hamutamuzika huyu."

Mama zetu njo balimaliza ile vita. Baliingia na michi, Babemba na Bakongomani mustari moja, bakasukuma banaume kama ngʼombe.

Kesi ilikatwa ku mwine mushi, wakati muuza chumvi alitoka lopitali. Jicho moja lilipotea. Alikaa karibu na yaya, kitambaa kimefunga nusu ya uso.

"Mukwai," akamuambia mwine mushi kwa heshima, "ile damu ni yangu, na mimi naisamehe. Ule kijana hakujua. Nani alimufundisha? Sisi tulicheka tu. Acha kiwanja."

"Wewe unasamehe mutu," mwine mushi akajibu. "Mimi nilisema neno mbele ya bote. Nikilikula leo, kesho nani atanisikia?"

Nikasimama. Mbavu zilikuwa zinaniuma hata kupumua.

"Mukwai, ni mwaka ujao njo banamuke tungecheza."

Mwine mushi akanigeukia. Hakuwa mutu mubaya.

"Utacheza kwingine, mwanangu."

"Kwingine wapi, mukwai? Toka Puta mupaka Mofwe kiko hiki tu."

Mwine mushi akaamuru bote benye kupigana balime kile kiwanja pamoja, na asibaki mutu nyumbani.

Tulilima. Udongo ulikuwa umetwangwa miaka mingi, ulikataa. Majembe yaliruka, mipini ikavunjika, mikono ikachubuka. Kijana alilima peke yake ku upande, hakuna mutu alimukaribia. Muuza chumvi alikuja akakaa pembeni, akamuangalia, akapaza sauti:

"We! Unalima kama bibi-arusi!"

Majembe yote yakasimama. Kijana akainua kichwa.

"Funga mudomo," akasema, "mamba ya jicho moja."

Muuza chumvi akaanza kucheka, akacheka mupaka akashika kitambaa na mikono mbili kwa maumivu, akiita mama yake, na bado anacheka.

Jua lilipokuwa juu, mistari yote ilikuwa imekwisha. Ilibaki kona ya nyuma, mukono wa kuume, pahali pangu. Nilikuwa naizunguka, najifanya siioni. Yaya aliniona, naye akaizunguka.

"Hata pale," mwine mushi akasema.

Yaya akanyoosha mukono achukue jembe langu. Nikakatala. Nikaliinua mwenyewe, nikapiga. Mara ya kwanza lilirudi mupaka ku bega. Mara ya pili udongo ukatoka bamba moja zima, laini upande wa juu kama sahani, nikaligeuza na muguu, nikapiga tena.