Daftari la Uwanja wa Bwana Mstari

Bwana Mstari alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja maisha yake yote ya kazi: fomu haiondoki mezani kwake ikiwa na nafasi tupu. Kama jibu alilijua, aliliandika. Kama hakulijua, aliliandika vilevile. Alikuwa karani wa ukaguzi wa maghala kwa miaka thelathini na mmoja, na wenzake walimpa jina hilo kwa sababu kila alipomaliza ukurasa alichukua rula akapiga mstari mwekundu chini yake, mnyoofu kama uzi wa fundi mwashi. Maghala yenyewe aliyatembelea mara chache. Vumbi lilimkera. Aliagwa kwa hotuba na saa ya ukutani, na hakuna aliyemuuliza ni magunia mangapi yalioza chini ya neno "kavu" lililoandikwa kwa mwandiko wake mzuri.

Watu wa namna hii wakistaafu huurudisha ugonjwa wao nyumbani. Yeye aliuhamishia uwanjani. Kila asubuhi aliufagia mpaka ukawa mtupu na mgumu kama sakafu ya darasa, michirizi ya ufagio imelala upande mmoja. Jani likianguka alilifuata kana kwamba limemtukana. Kila mgeni alionyeshwa uwanja huo. Lakini ungemuuliza uwanja wenyewe unainamia upande gani, au jua la saa kumi linafika wapi, angekujibu haraka, na angekudanganya.

Nyuma ya jiko palisimama mlimau. Mama mkwe wake aliupanda kwa mkono wake mwaka ambao binti yake aliolewa, na tangu afariki, mke wa Bwana Mstari hakubakiwa na kitu kingine cha mama yake chenye uhai. Alikuwa akikaa chini yake kuchambua mchele, na mara nyingine alizungumza na marehemu waziwazi, bila kumwonea mtu haya. Mwaka wa nne baada ya mumewe kustaafu, majani yakaanza kugeuka manjano, na vilimau vikawa vinadondoka vikiwa na ukubwa wa gololi.

"Baba watoto, mti unakufa huu."

"Haufi. Umezeeka tu, kama wewe."

"Mimi niliyezeeka ndiye ninayekupikia. Siku nikinyauka na mimi, utafagia."

Hakusubiri ruhusa. Alikwenda mwenyewe ofisi ya kilimo, akarudi na bibi shamba, mwanamke wa makamo mwenye gambuti zilizokauka tope na jembe dogo begani. Bwana Mstari alizitazama zile gambuti kwanza, kisha uwanja wake, kama mtu aliyeingiliwa na ng'ombe sebuleni.

Bibi shamba alizunguka polepole. Alichuchumaa, akagonga ardhi kwa kisigino cha jembe, ikalia kama ubao.

"Mzee, unafagia kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Miaka minne sasa."

"Basi kila siku unamfungashia jirani udongo wako mzuri. Wewe umebaki na sahani."

Mke alicheka. Mume hakucheka.

Kuhusu mlimau, bibi shamba alisema jambo lililokuwa wazi kabisa. Mti wenye kiu hugeuka manjano, na mti unaozama kwenye maji hugeuka manjano pia. Dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine. Kwa kutazama juu tu hawezi kujua, na hataki kubahatisha. Alitoa daftari jembamba la kurasa nne. Kwa siku kumi na nne mwenye nyumba aandike jua linapiga wapi asubuhi, mchana na jioni. Mvua ikinyesha, maji yanasimama wapi na kwa muda gani. Tena achimbe kishimo cha kina cha mkono karibu na mti, amimine ndoo moja, aone maji yanakwisha baada ya saa ngapi.

"Uwanja ni wenu," alisema. "Mimi nitapita leo na kuondoka. Ninyi ndio mnapaswa kuujua."

Mke alinyoosha mkono kulipokea daftari. Mume akalidaka.

"Mambo ya kuandika niachie mimi, mama watoto. Wewe una safari."

Ni kweli alikuwa na safari. Binti yao alikuwa amejifungua, na kesho yake mama alipaswa kwenda kumsaidia kwa majuma mawili. Akiwa mlangoni na begi lake alimwambia mumewe, "Usinisahaulie mti wa mama." Akajibiwa, "Umeniona lini nikisahau kazi?"

Basi hakusahau. Asubuhi ileile aliketi barazani, akavaa miwani, akachukua rula, na kabla chai haijapoa alikuwa ameandika siku zote kumi na nne. Jua alilipanga kama askari. Mvua aliigawa Jumanne mbili, maana ukurasa usio na mvua haupendezi. Kishimo hakukichimba, angewezaje kutoboa uwanja ule? Aliandika: "Maji yalikwisha baada ya dakika ishirini." Penye swali la maji kusimama aliandika: "Hayasimami." Kwake yeye, maji kusimama ulikuwa uchafu, na uchafu kwake haukuwepo. Akapiga mstari mwekundu.

Siku ya sita, Jumatano, mvua kubwa ilinyesha. Mkewe alipiga simu kuuliza hali, naye akapaza sauti kwenye simu, "Huku ni mvua, mama watoto, hata sikusikii!" Kutoka dirisha la jikoni aliona maji ya uwanja mzima, yaliyokosa pa kuingilia kwenye ardhi ile ngumu, yakiteremka nyuma ya jiko na kuuzunguka mlimau. Kesho yake yalikuwepo. Keshokutwa yalikuwepo. Aliyaona, nasema. Akashusha pazia, kwa sababu ukurasa ulikwisha kupigwa mstari. Kutojua ni jambo la kusamehewa. Huyu alijua, akaona aibu ya kufuta.

Bibi shamba aliporudi, na mke amekwisha kurejea, alilisoma daftari amesimama.

"Mvua Jumanne? Kwetu ilinyesha Jumatano."

"Mvua za siku hizi, mwanangu, kila mtaa na yake."

Mkewe alikuwa jikoni, hakusikia. Bibi shamba naye alikuwa na viwanja vingine vitatu vya kupitia siku hiyo. Angeweza kupiga jembe mara moja akajua. Alikubali mwandiko mzuri, na hilo nalo ni kosa. Akasema basi mti una kiu: uchimbiwe kisahani kuzunguka shina, umwagiwe ndoo mbili kila jioni.

Mke alibeba ndoo hizo mwenyewe, kwa upendo, majuma matano. Majani yakadondoka yote. Alipoitwa tena, bibi shamba alichimba, na shimo likatoa harufu ya mtaro. Mizizi ilikuwa myeusi, inamenyeka kwa vidole.

"Mama, mti huu umezama. Hapa chini ni mfinyanzi mtupu. Nani aliandika kwamba maji hayasimami?"

Mke aliingia ndani, akatoka na daftari, akalifungua penye Jumatano ile. Palikuwa pameandikwa: "Jua kali kutwa."

"Baba watoto, si ndiyo siku uliyonipigia kelele kwamba kunanyesha?"

"Kuandika kulikuwa kumetangulia," alisema Bwana Mstari.

"Kumetangulia nini?"

Mumewe alichukua ufagio.

Mlimau ulikatwa Jumamosi. Ulikuwa umezaa miaka ishirini na sita, na ungepona kwa mfereji mmoja wa kazi ya nusu siku. Mkewe hakumfokea wala hakuondoka. Ila siku hizi Bwana Mstari akisema geti limefungwa, mama huyo huinuka kwenda kulishika kufuli kwa mkono wake. Kurasa nne za uongo zilimgharimu mke mti wa mama yake, na zilimgharimu mume kuaminiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.