Jumatano ya Kujitambulisha

Hakuna kitu kinanikera kama mtu anayesoma na kunyamaza. Unauliza swali kwenye grupu, unaona zaidi ya nusu wamelisoma, wote mafundi, wote wana vidole, na hajibu hata mmoja. Halafu baada ya dakika tano simu inalia: mmoja wao amekuja inboksi, ananiita yaya kama mkubwa wake wa kuzaliwa. "Yaya, samahani, na mi niko na ile tatizo." Sasa si ungesema pale pale? Mwenzako naye analo, naye ameniandikia pembeni, na mimi niko katikati ninajibu jambo moja mara saba, nimekuwa mjinga wa kila mtu.

Grupu hilo nililianzisha mwenyewe hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, wakati natengeneza kompyuta kwenye kachumba ka matofali karibu na soko. Lilikuwa la mafundi wa kompyuta na mitandao: Wakongo wa Uvira na Fizi kama mimi, Warundi, na Wamalawi wachache wa Lilongwe wanaosikia Kiswahili kuliko wanavyokisema. Wengi wetu tumejifunza kazi kwa video na kwa kuharibu mashine za watu. Nilitaka tufundishane. Nilitaka pia, nisiwadanganye, tuonekane. Shirika moja la nje lilikuwa linatusaidia bando za intaneti, na kila mwezi waliniuliza kwa adabu swali lile lile: je, wanachama wanashiriki? Niliona haya kulijibu.

Njo hapo nikakumbuka kanisani. Kwetu, kabla ya mahubiri, wageni wanaombwa wasimame. Unasema jina lako, unatoka wapi, unaabudu wapi, unafanya kazi gani. Kanisa lote linapiga makofi, kina mama wanapiga vigelegele, na kuanzia hapo wewe si mgeni tena. Nimeona watu waliofika kambini juzi, hawajui hata watalala kwa nani, wakasimama wakajitaja, na ibada ilipokwisha tayari walikuwa na mtu wa kuwapeleka nyumbani kula. Nikasema, bon, dawa ni hii. Kila Jumatano mtu mmoja atasimama mbele ya grupu: jina, kazi, mahali, na picha ya pale anapofanyia kazi. Sisi wengine tutampigia makofi.

Na ilifaulu, jamani! Mama mmoja anayechapa barua za watu aliweka picha ya printa yake iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alipigiwa makofi mpaka simu yangu ikaishiwa chaji. Kesho yake aliuliza swali lake la kwanza mbele ya wote, na akajibiwa na watu watatu. Nilikuwa nasoma huku nacheka peke yangu dukani.

Alibaki mtu mmoja. Alikuwa besi wetu wa kwaya kabla hajatoka kambini kuhamia Lilongwe, Mrundi mwembamba, mpole mpaka unatamani kumtikisa. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Mtandire pamoja na mke wake mshonaji na binti yao, na kila asubuhi alitembea kwa miguu mpaka Area 47, kwenye nyumba moja ya wageni. Pale ndiye aliyekuwa anatunza mtandao wote: intaneti ya wageni, kamera za getini, kompyuta ya mapokezi. Kibali cha kuishi mjini hakuwa nacho. Mkimbizi anatakiwa awe kambini, hilo tunalijua wote, na kila mmoja wetu ana ndugu au rafiki mjini ambaye hamtaji ovyo.

Huyu alisoma kila kitu na hakuandika kitu. Lakini inboksi, weee! Maswali yaliyowashinda wenye makelele, yeye alinijibu kwa mistari miwili. Nikamwomba ajitambulishe.

"Yaya, mi siko mtu wa kusema mingi. Uniache nisome tu."

Nikamwomba tena, akasema ataangalia. Mara ya tatu hakujibu kabisa, na mimi hasira zangu hazina breki. Niliandika mbele ya wote: "Humu kuna watu wanakula bila kupika, na wanajijua. Asiyejitambulisha mpaka mwisho wa mwezi, nitamtoa." Sikutaja jina. Watu walicheka, wakaongeza chumvi, na yeye bila shaka alisoma yote, maana kusoma ndiyo kazi yake.

Alinipigia siku hiyo hiyo. "Yaya, ni mi njo unasema?"

"We unaonaje?"

"Usinitoe. Hapa kazini niko peke yangu, sina mtu wa kuuliza. Kifaa kikinishinda, naenda kutafuta mu grupu."

"Basi jitambulishe. Maneno matano tu! Unaogopa nini, tutakukula?"

Nilisikia kabaza, bodaboda ya huku, ikipita karibu yake, dereva anapiga honi. "Iko vizuri," akasema. Nilikata simu nikiwa nimefurahi sana. Nilidhani nimemtoa haya.

Wengine wameniuliza tangu hapo kama nilikuwa sijui. Nilijua. Nilijua anaishi wapi, nilijua hana karatasi, na ningetulia dakika moja ningejua pia kwa nini ananyamaza. Kanisani anayesimama anasimama mbele ya watu wanaoishi kama yeye, na mlango uko pale pale wanauona. Kwenye simu mlango uko wapi? Hilo sikujiuliza. Nilikuwa na Jumatano ya kujaza.

Jumatano yake ilipofika, hakuandika maneno matano. Aliandika ukurasa mzima. Alieleza alivyozikuta nyaya za nyumba ile zimesokotana nyuma ya friji ya jikoni, hakuna anayejua upi unakwenda wapi. Alikuwa ameanza mwanzo, waya mmoja mmoja. Hakuwa na vibandiko vya kuweka alama, kwa hiyo aliomba kwa mke wake vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye mishono, akafunga kila waya kwa rangi yake: manjano vyumba vya chini, bluu vyumba vya juu, nyekundu kamera. Akaandika kwamba wageni wakisema intaneti imekufa, yeye anafungua kabati, anaangalia rangi, na kabla chai yao haijapoa imerudi. Na picha iko hapo: kabati wazi, nyaya zimelala sambamba, vitambaa vimefungwa kama utepe wa nywele za mtoto, na pembeni bega lake. Juu ya kabati, ukutani, palikuwa pameandikwa jina la nyumba ya wageni. Mimi ukuta sikuuangalia. Niliangalia nyaya.

Makofi yalikuwa hayajawahi kupigwa hivyo. Karibu sana kaka. Kazi safi. Ulikuwa umejificha wapi siku zote hizi? Mmalawi mmoja aliandika zikomo kwambiri, asante sana ya kwao, akasema kesho anaomba vitambaa kwa mama yake. Na mimi, kwa sababu nilijiona nimefanya kazi kubwa, nikachukua maandishi na picha nikavipeleka kwenye ukurasa wetu wa hadharani, unaofunguliwa na yeyote. Nikaongeza na kichwa changu mwenyewe: Kutoka Dzaleka mpaka Area 47, huyu ndiye fundi wetu. Siku hiyo kwa majivuno hakuna aliyeniweza. Niliwaandikia hata wale wa shirika kwamba ndiyo, wanachama wanashiriki.

Wiki haikuisha. Aliyenipigia alikuwa mke wake, ambaye hakuwa na desturi ya kunipigia. Hakunisalimu.

"We njo ulimwambia atoke nje?"

Mtu fulani, na mpaka leo hatumjui, alimfungulia mwenye nyumba ya wageni ule ukurasa akamuuliza tangu lini anafuga watu wa kambi. Mwenye nyumba alikuwa anajua siku zote. Fundi asiyedai mkataba alimfaa sana. Ila alipoona kwamba na wengine wamejua, aliingiwa na hofu. Alimsubiri fundi wetu getini asubuhi, akachukua funguo na simu ya kazi, akamwambia asionekane hapo tena. Haikupita siku nyingi, mwenye chumba wa Mtandire naye alikuwa amesikia, hataki matatizo. Walirudi Dzaleka na godoro na cherehani, wakaingia kwa kaka wa mke wake, watu watatu kwenye nyumba iliyokwisha kujaa. Binti aliacha shule katikati ya muhula.

Na mimi nikafanya nini? Nikafuta. Kabla hata ya kusema pole, nilifuta. Nilifuta kwenye ukurasa, nikaingia kwenye grupu nikafuta kwa wote, maandishi na picha, hata nakala za simu yangu. Nilijiambia ninamkinga. Sasa naweza kusema: nilikuwa najikinga na mimi. Kama mtu angekuja kuuliza ni nani aliyemtangaza, sikutaka akute kitu. Jumatano nazo nikaziacha bila kueleza. Grupu likarudi kwenye ukimya wake, watu wakarudi inboksi, na Mungu anisamehe, niliona afadhali.

Kwenda kuwaona kulinichukua wiki mbili, na ni mwendo wa kutembea kidogo tu kutoka dukani kwangu. Nilibeba sukari na unga, na maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima. Yeye alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, mke wake anashona mlangoni.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

"Kaa, yaya," akasema. "We hukunisukuma. Ni mi mwenyewe niliandika."

"Alikusukuma," mke wake akasema, bila kuinua macho, na cherehani haikusimama.

Hapo nilitamani huyo mwanamume akasirike. Mimi ningekuwa yeye ningepiga kelele mpaka majirani watoke. Yeye alisogeza kigoda karibu yangu, na nikaona kuna jambo alilokuwa ananisubiri nalo. Kituo kimoja cha mafunzo hapa kambini kilikuwa kinatafuta mtu wa kutunza mtandao. Alikuwa amekwenda kuuliza. Walimtaka alete barua ya kazi aliyotoka, au chochote kinachoonyesha kazi aliyowahi kufanya. Mwenye nyumba ya wageni alipopigiwa simu alisema mtu wa namna hiyo hajawahi kumwajiri.

"Lakini si iko ile yangu ya Jumatano?" akasema. Alikuwa anatabasamu kidogo. "Simu ya kazi baliichukua na picha zote, hii nilibaki nayo ni ya vibonyezo. Unipe ya kwako nione, tuitume kwao. Pale niliandika kila kitu."

"Nilifuta," nikasema.

"Mu simu yako."

"Kwa wote."

"Na picha?"

"Na picha."

Alinyoosha mkono tu mpaka nikampa simu. Nilijua hakuna mwingine aliyeihifadhi. Simu zetu zinajaa haraka, na picha za grupu ndizo tunazitupa kwanza. Kabati lile hangeruhusiwa kulifungua tena maisha yake. Akapandisha kwa kidole, siku baada ya siku, mpaka akafika Jumatano ile. Mahali aliposimama palikuwa na mstari mmoja: ujumbe huu umefutwa na msimamizi. Na jina langu.

Makofi sikuwa nimeyagusa. Yalikuwa yote pale, chini ya ule mstari. Akaanza kuyasoma polepole, midomo inacheza. Karibu sana kaka. Kazi safi. Ulikuwa umejificha wapi.

Cherehani ikanyamaza. Mke wake alikuja akainama nyuma ya bega lake, akaangalia kile anachosoma.

"Hawa bantu bote," akauliza, "banakaribisha nani?"

"Mi," akasema. "Njo mi banakaribisha."

Akasoma mpaka ya mwisho, kisha akanirudishia simu.