Sikio Likilia, Nani Anakutaja?

Tangazo la msiba nimelisikia kwa sikio la kulia, kama nisikiavyo kila kitu. Nilikuwa barazani nnachagua mchele, msikitini wakataja jina la marehemu na la babake, wakasema atazikwa baada ya alasiri. Ungo ukanitoka mkononi. Jina lile nnalijua, na la mamake nnalijua, na la kila mtu aliyefanya kazi naye katika chumba kile cha sindano. Majina hayanipotei mimi. Ila nyinyi mnaonisoma mnajua safu hii haimtaji mtu, hai wala maiti. Basi leo nitamwita Nesi tu, mnivumilie.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Nnakaa Mlandege, hapa mjini Unguja, na mtoto mchanga, mume wangu kavuka kwenda Mombasa kutafuta kazi, na barua zake zimekatika. Kifua kikuu kikanishika, nikakohoa damu, nikaandikiwa sindano za kila siku. Nesi huyu hampi mtu dawa mpaka amwambie na ubaya wake, tena waziwazi. Siku moja akamwambia mzee mmoja wa Bwejuu, mtu na kanzu yake: "Babu, vidonge hivi vya kuongeza damu vitakugeuza choo kiwe cheusi kama masizi. Usishtuke." Mzee akaruka. "We mwanamke, huna haya?" "Haya nnazo, babu, lakini ukiogopa utavitupa, na damu nitakutolea wapi?" Foleni nzima tukacheka, na mzee mwenyewe akacheka.

Na mimi kila siku swali lake ni lile lile: "Ehe, bibie, masikio? Kizunguzungu?" Nnamjibu salama. Mpaka wiki moja sikio la kushoto likaanza kulia, nziii, kama nyenje. Sikuogopa hata kidogo. Kwetu sikio likilia unatajwa, na nani wa kunitaja mimi ila yule aliye Mombasa? Nikilala nnaliziba la kulia kwa mto, nipate kumsikia vizuri. Nesi alipouliza tena, nikamjibu kwa furaha: "Linalia, dada! Nnatajwa."

Wenzangu wakacheka. Yeye akaliweka chini bomba la sindano. "Anakutaja wakati gani?"

"Nikishatoka hapa, mpaka usiku."

"Na juzi, dawa zilipokwisha usichomwe?"

Nikafikiri. "Juzi lilitulia kidogo."

"Shemeji yangu ana adabu sana," akasema. "Hungoja uchomwe sindano ndiyo akutaje."

Nikanuna, machozi yananilenga. "Hata hili unataka kuninyang'anya?"

Akanishika mkono. "Bibie, dawa hii inaponya kifua lakini inakula masikio. Nikiendelea kukuchoma, hili litakwenda, na la pili litalifuata. Halafu siku shemeji yangu anarudi, kasimama mlangoni, anapiga hodi. Nani atamwitikia?"

Akaenda kwa daktari, nikabadilishiwa dawa, nikapewa vidonge. Kifua kikapona, la kushoto likabaki zito, la kulia likasalimika. Mlio nao ukazimika, na siku uliponyamaza nililia kana kwamba mume wangu kaondoka siku ile. Hodi nimezisikia nyingi tangu hapo, na kila moja nimeiitikia na moyo unanidunda. Yake haikuja. Lakini wajukuu wangu wote nimesikia kilio chao cha kwanza.

Siku hizi dawa hutoka dirishani. Mkono unakupa pakiti, sauti inasema "kutwa mara tatu", mwingine asogee. Siwalaumu, watu ni wengi. Ila wauguzi wanangu, nisikilizeni: mgonjwa huja kushitaki kinachomuudhi, anachokipenda hukaa nacho kimya. Mimi sikioni mwangu dawa ilikuwa inaniharibu nami nnaibusu. Basi ulizeni, na mtu akishajibu mumuulize tena yeye mwenyewe anaonaje maana yake. Msimcheke.

Hapa sikulitaja jina la Nesi. Nyumbani nimelitaja kutwa nzima, lake na la babake, mpaka wajukuu wananiuliza, "Bibi, unazungumza na nani?" Kama huko aliko sikio linamlia, asitafute sindano. Safari hii si dawa, ni mimi.