Mbegu za Mama na Mwandiko Wangu

Mwandiko wangu niliupata kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako daftari moja lilipaswa kufika mwisho wa mwaka. Nilijifunza kuandika herufi ndogo ndogo, zimebanana kama watu wanaoota moto. Amani iliporudi Burundi nasi tukarudi, nikasoma mpaka nikafika chuo kikuu mjini Gitega, kusomea kilimo. Miaka ile naikumbuka kama ndoto ya alfajiri: ukungu madirishani, harufu ya mikaratusi, sauti ya mhadhiri ikija kwa mbali, na kalamu yangu ikitembea yenyewe hata nikisinzia.

Mwaka mmoja chuo kilibandika tangazo: kila kundi la utafiti liwe na wasichana, maana usawa wa kijinsia si wa kuimbwa tu. Wavulana wakatugawana kama chumvi, kila sufuria kidogo. Mkubwa wa kundi letu alikuwa kijana wa mtaa wa Yoba, mwenye viatu vinavyong'aa hata masika. Alinikabidhi daftari kabla sijakaa.

“We, mwandiko yako iko mzuri,” akasema. “Utakuwa secrétaire, mwandishi yetu. Égalité, usawa yenu, imeisha kupita, donc tuanze kazi.”

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Kwa kicheko kile najilaumu mpaka leo.

Kazi yenyewe ilikuwa kuorodhesha mbegu za maharage wanazotunza wakulima wa mkoa wa Muyinga. Mbegu zitakazoandikwa zingepandwa kwenye shamba la chuo ili zisipotee. Zisizoandikwa, basi tena. Tukapangiwa Gasorwe, kilima cha kwetu, wanakoishi wazazi wangu.

Tulifika asubuhi, ukungu umelala bondeni na migomba ikielea juu yake kana kwamba haina mashina. Fomu ilisema aulizwe mkuu wa kaya, kwa hiyo kila ua tulioingia mwanaume alivuta kiti, akakohoa, akajibu. Kwetu ilikuwa vilevile.

“Amahoro, muzee,” mkubwa wa kundi akamsalimu baba. “Hapa iko mbegu ngapi za maharage?”

“Mbili,” baba akasema bila kusita. “Nyekundu na ya njano.”

Mama alikuwa anapita na jembe begani. Akasimama, akanitazama. Alikuwa anasubiri niseme kitu. Nikainamisha kichwa nikaandika: mbili.

Baba hakudanganya. Kwetu mbegu ni kazi ya mwanamke, na mwanaume hukutana na maharage yakiwa sahanini. Aliyejua akanyamaza ni mimi.

Mchana nikamfuata mama jikoni. Moshi ulikuwa unapanda taratibu, na miale ya jua ikipenya ndani yake. Akashusha vibuyu kimoja kimoja, akapukuta majivu yanayozuia wadudu, akanimiminia maharage kiganjani.

“Hii ni ya mvua nyingi. Hii ya jua kali. Hii ya mzazi aliyetoka kujifungua, hailemei tumbo.” Akafika kwenye moja yenye madoa. “Hii nilikimbia nayo kwenye upindo wa kitenge. Nikaipanda kambini, nikarudi nayo. Wewe umeandika ngapi?”

“Mbili, mama.”

Akatazama vibuyu vyake tisa. “Mwanangu, miaka yote hiyo ulikuwa unakula mbili?”

Aibu niliyoisikia siku ile sijawahi kuisikia tena. Nikafunga punje za kila aina kwenye leso yangu.

Njiani kurudi Gitega nikamweleza mkubwa wa kundi. Akatikisa kichwa. “Formulaire inasema chef de ménage, mkuu wa kaya. Sasa mi niseme mama yako ndiye chef? Baba yako atanipiga!”

Siku ya kuwasilisha alisimama mbele ya darasa zima akasoma: Gasorwe, mbegu mbili. Mimi si jasiri. Nina hasira tu, nazo ni kama maharage makavu, huchelewa kuchemka. Siku ile zilichemka. Nikaenda mbele, nikafungua leso juu ya meza ya mhadhiri, nikaanza kueleza kila punje kama nilivyoelezwa jikoni. Mmoja nyuma akasema kuku jike hawiki jogoo akiwepo, darasa likaangua kicheko. Nikaendelea. Sauti yangu niliisikia kana kwamba inatoka chumba cha pili, lakini ilikuwa yangu.

Mhadhiri akaokota ile ya madoa, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

“Nani anaitunza?” akauliza.

“Mama yangu.”

“Basi mrudi,” akaliambia kundi. “Aliyetunza ndiye aulizwe.”

Tukarudi. Mkubwa wa kundi alichuchumaa jikoni kwa mama yangu, viatu vimejaa majivu, akiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mama akamcheka, akampa viazi.

Maharage yalipochanua kwenye shamba la chuo, mama alipanda gari Muyinga akaja kuyaona. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Tukatembea kati ya matuta polepole, maua meupe pande zote, hata mimi nikahisi tuko shambani kwake na chuo ndicho kilichotutembelea. Akasimama mbele ya ile ya madoa. Palikuwa na kibao cha mbao.

“Wameandika nini hapa?” akaniuliza. Mama hakuwahi kukaa darasani.

Nikasoma kimya. Kila kibao kilipaswa kuwa na jina la mtunza mbegu, lakini majina yalikuwa yamenakiliwa kutoka kwenye fomu ya kwanza, yenye wakuu wa kaya. Lilikuwa jina la baba.

“Jina lako, mama,” nikasema.

Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akakipitisha taratibu hadi ya mwisho. “Kumbe jina langu ni refu hivi,” akasema, na alitabasamu mpaka nilipompandisha gari.

Nikarudi mbio kumtafuta mkubwa wa kundi, maana ndiye aliyeandika vibao. Nikamwomba rangi na brashi.

“Unataka kufanya nini?”

“Si ulisema mwandiko wangu ni mzuri? Nipe.”

Akanipa. Nikafuta jina la baba. Jina la mama ni fupi. Mimi niliyezoea kubana herufi, siku ile nilizitanua moja moja, mpaka jina likafika pale kidole chake kilipoishia.