Mashine Niliyoipeleka Msibani

Baba yangu hakumlilia mama siku za msiba wake. Kwa muda fulani niliwaambia watu kwamba yeye ni mwanaume wa zamani, na wa zamani hawalii. Nilijua si kweli. Mimi ndiye niliyemnyang'anya nafasi ya kulia, na niliifanya kazi hiyo kwa mashine ya kupasulia kuni.

Nilimaliza chuo na shahada ya maendeleo ya jamii, nikarudi Bariadi kusubiri ajira. Ajira haikuja, nikaanza kuuza kuni kwa shule za bweni na kwa mama ntilie. Fundi mmoja wa kuchomelea pale mjini alinitengenezea mashine: injini ya petroli iliyotoka kwenye pampu ya maji, pistoni ya haidroliki iliyotolewa kwenye tela bovu la trekta, boriti ndefu ya chuma, na kabari nene kama kiganja mwishoni mwake. Unalaza gogo juu ya boriti, unavuta mkono wa kuongozea, pistoni inalisukuma taratibu mpaka kwenye kabari, nalo linaachana.

Niliitunza kuliko kitu chochote nilichowahi kumiliki. Kila asubuhi kabla ya kuiwasha nilipima oili ya injini, kisha ya haidroliki. Vumbi la kiangazi la kwetu linaziba chujio la hewa kwa siku mbili tu, kwa hiyo nililitoa na kulikung'uta kila jioni. Boriti niliipaka grisi ili gogo lisikwaruze. Mpira wa presha ukianza kuvuja, tundu halitafutwi kwa kidole, maana oili ikitoka kwa nguvu ile inatoboa ngozi. Unapitisha kipande cha boksi na kuangalia kinapolowa. Nilipenda kuyajua mambo hayo. Baada ya miaka ya kusoma mambo yasiyoshikika, hapa palikuwa na kitu ambacho ukikiuliza swali, kinajibu.

Baba alikuja mara moja kuiona, kutoka nyumbani Mwamapalala. Aliizunguka mara mbili, kama anavyomzunguka dume mnadani.

"Ikikutana na fundo?"

"Inapita humo humo, baba."

"Haiangalii kwanza?"

Nikacheka. Kwa baba, gogo la mgunga lazima liangaliwe. Unatazama nyufa za kichwani, unaligonga kwa kisogo cha shoka na kusikiliza, unaanzia pembeni na moyo wake unauacha mwisho. Niliona ni mazoea ya mtu asiye na haraka. Tangu utoto sikuwahi kukubali jambo kwa sababu tu linafanywa. Kwa nini mtoto asile firigisi? Kwa nini ng'ombe wa mahari wahesabiwe mara tatu? Mama aliniita wakili. Alikuwa akisema, "Wakili, kula kwanza, kesi tutaisikiliza baadaye."

Mama alifariki msimu wa kuvuna pamba. Presha ilimpanda akiwa shambani, tukamkimbiza hospitali, akakaa siku mbili bila kufungua macho. Tulimrudisha nyumbani tukamzika pembeni ya nyumba, upande wa zizi.

Kwetu mtu akifa, kila kaya huleta gogo. Wanawake huteka maji na kupika. Wanaume huchimba kaburi, na baada ya kuzika hupasua kuni siku zote za matanga. Wanafanya wawili wawili: mmoja anashika kabari ya chuma, mwenzake anaipiga kwa nyundo, wakichoka wanabadilishana. Nilikuwa nimeyaona hayo maisha yangu yote, na maisha yangu yote nilijiuliza kwa nini wanaume thelathini wazima watumie siku tatu kwenye kazi ya asubuhi moja. Chuoni niliandika insha kuhusu muda unaopotea vijijini, na mfano wangu mkubwa ulikuwa kuni za msibani. Nilipata alama nzuri.

Tulipotoka kaburini nilimwona baba akitafuta shoka lake nyuma ya ghala. Mgongo unamsumbua tangu zamani. Alikuwa amejishika kiuno kwa mkono mmoja na kutafuta kwa mwingine. Nilimwonea huruma sana. Nikapiga simu mjini, na kesho yake saa mbili asubuhi mashine ikafika, imefungwa kamba juu ya pikipiki ya matairi matatu.

Wanaume walikuwa ndiyo kwanza wameanza. Jirani yetu, rafiki wa baba tangu walipokuwa wakichunga ng'ombe pamoja, alisimama na nyundo begani, akanisalimia.

"Mwangaluka, msomi! Umetuletea trekta lililokatwa miguu?"

"Mwangaluka. Ni ya kupasulia kuni. Leo mtapumzika."

"Tupumzike? Tumechoka na nini? Hata jasho la kwanza halijatoka."

Watu wakacheka. Nikaiwasha. Kelele yake ilifunika kila kitu, hata sauti za wanawake waliokuwa wakilia ndani. Nililaza gogo la kwanza, la mkwaju, lenye mafundo ambayo wangehangaika nayo mpaka mchana. Likapasuka. Wakapiga makofi. Mmoja akaniletea gogo la pili, mwingine la tatu, wakawa wanashindana kunitafutia gogo ambalo mashine italishindwa. Haikushindwa. Saa nne na nusu nilizima injini, na mbele ya nyumba yetu palikuwa na lundo la kuni refu kuliko mimi.

"Haya," jirani akasema, akiangalia nyundo yake. "Sasa sisi tukasonge ugali?"

"Ukisonga wewe tutazika tena," mwingine akamjibu, na kicheko kikawa kikubwa kabisa. Kisha kikaisha, na hakuna aliyejua mikono yake aiweke wapi.

Walikaa mpaka chakula. Baada ya kula, mmoja akakumbuka pamba yake inadondoka shambani. Mwingine akasema atapitia tu nyumbani, atarudi. Waliaga vizuri, kwa heshima, wakimshika baba mkono kwa mikono yote miwili, na wakaondoka na mashoka yao. Kufikia saa tisa wanawake bado walikuwa wengi jikoni na ndani, wakiimba na kulia na kuoshana nyuso. Upande wa wanaume kulikuwa na viti vitupu na baba. Jirani peke yake ndiye aliyebaki, naye alikuwa amesinzia.

Nilikwenda kukaa karibu na baba. Nakiri nilikuwa nasubiri ashukuru.

"Umeona, baba? Mgongo wako umepumzika."

Alitazama lundo.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, kwa Kisukuma kile anachotumia akiwa amechoka, "kuni zile hazikuwa na haraka."

Sikumwelewa. Siku ya pili walirudi wanaume saba. Walikaa kwenye viti, wakaangalia simu zao, wakaulizana habari za mvua, wakaondoka kabla ya saa sita. Siku ya tatu walikuja wanne. Ndipo nikaanza kuhesabu nilichokuwa nimekifanya. Wanaume wa kwetu hawawezi kukaa wametazamana na kumzungumzia marehemu. Wanahitaji gogo katikati yao. Mmoja anapiga, anapumzika, anasema neno moja kuhusu aliyekufa. Mwenzake anasogeza kabari, anaongeza la pili. Ukitokwa na machozi, ni jasho, na mtu wa pembeni ataangalia gogo. Siku tatu za hivyo, na mfiwa anatoka upande wa pili akiwa mtu tena. Hakuna aliyewahi kuniambia hayo. Hayakuwa yameandikwa popote, na mimi, niliyekuwa nimeuliza kila kitu, sikuwahi kumwuliza hata mmoja wao, "Huwa mnaongea nini mnapopasua?"

Baada ya matanga nilibaki nyumbani. Baba aliamka kila asubuhi, akachukua vipande kwenye lundo langu na kuvipasua tena. Kipande kimoja akakifanya vinne, vinne akavifanya vinane, mpaka kuni zikawa nyembamba kama za kuwashia tu. Macho yalikuwa makavu. Dada yangu akipika, zile kuni ziliungua na kuisha kabla maji hayajachemka, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mimi nilijificha kwenye mashine. Nilimwaga oili ambayo haikuwa imechoka, nikaweka mpya. Nilifungua chujio safi nikalisafisha. Nilinoa kabari isiyohitaji kunolewa.

Mwezi uliofuata alifariki mzee mmoja wa kitongoji cha pili, mtu ambaye baba alikuwa akisalimiana naye njiani tu. Jirani alipita asubuhi kumchukua baba.

"Twende, ndugu yangu." Kisha akanigeukia. "Na wewe msomi, trekta lako lilale. Ukilileta kule nitalipasua kwa nyundo hii."

Alikuwa anacheka. Baba hakucheka. Alichukua shoka lake na kabari, akaondoka bila kofia.

Siku ya pili dada alinituma nimpelekee baba dawa zake za mgongo, kwa kuwa alikuwa amezisahau. Nilifika wakati wa jua kali. Niliwasikia kabla ya kuwaona: nyundo, kimya, nyundo, sauti ya mtu. Sauti ilikuwa ya baba. Nikasimama nyuma ya ghala la mahindi la wenye msiba.

Baba alikuwa ameshika kabari kwenye gogo, amepiga magoti, na jirani alikuwa na nyundo lakini hapigi. Wanaume kama ishirini walikuwa wameacha kazi. Baba alikuwa analia. Machozi yalishuka mpaka kwenye mikono iliyoshika chuma, na alikuwa anaongea katikati ya kilio, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia.

"...siku yake ya kwanza kupika kwangu. Kuni nilizompasulia zilikuwa mbichi. Moshi ukajaa, tukatoka nje wote, hata mama yangu na uzee wake. Nikajua atanitukana. Hakusema neno. Aliingia ndani, akatoka na shoka langu, akaliweka begani, akashika njia. Mchana kweupe! Mke wa siku moja, na shoka begani, watu wamejipanga wanamwangalia..."

"Nakumbuka," jirani akasema. "Mimi nilikuwa pale njiani."

"Nikamfuata nyuma. Namwita, hageuki..."

Wenye msiba walikuwa wakisikiliza. Binti wa marehemu alikuwa amesimama na ndoo ya maji, na hakuna aliyemkumbusha mtu yeyote kwamba aliyekufa hapa ni mwingine. Walimpa baba yangu msiba wao autumie.

Sijui kama nilisogea au ni kivuli changu. Baba aliinua uso akaniona. Akanyamaza. Akajifuta kwa mgongo wa mkono, akaiweka kabari sawa, na akamwambia jirani, "Piga."

Jirani akapiga.

Nilimpa dawa zake. Mtu mmoja akanipa shoka, nikapasua nao mpaka jioni, vibaya, vipande vikiruka ovyo. Walinitania kuhusu mikono yangu laini, na nilifurahi kutaniwa. Lakini hadithi ile haikurudi. Nilipokuwepo walizungumza kuhusu malisho na kuhusu ndama aliyezaliwa na doa usoni.

Nimemwuliza baba mara mbili. Mara ya kwanza alisema amesahau. Mara ya pili alisema, "Yamepita hayo, wakili," na kusikia jina lile likitoka kwenye mdomo wake kulinifanya nitoke nje. Sasa analala vizuri. Anakula. Nadhani amemaliza kumlilia mama, kule, pamoja na watu wale, na hajui amlilie vipi pamoja nami.

Aliyebaki wa kumwuliza alikuwa jirani. Nilimkuta kwake akifunga jembe la ng'ombe, nikamwambia kwamba yeye alikuwepo njiani siku ile, alimwona mama amebeba shoka, anieleze mwisho wake. Alinitazama kwa upole, bila utani hata kidogo.

"Mwanangu, yale tuliyasema msibani," akasema. "Ungekuwepo msibani kwa mama yako ungeyasikia."

Nilikuwepo, nikataka kumwambia. Akainama akaendelea kukaza minyororo ya jembe lake, na mimi nikabaki nimesimama, sijui mama alikwenda wapi na lile shoka.