Sauti ya Pili Kaburini

Nilihamishiwa Molo kufundisha shule ya msingi nikiwa nimeshazika wazazi wangu wote wawili. Nilizaliwa Nakuru mjini, kwenye nyumba za reli, ambako kazi ilimleta baba kutoka magharibi na hakurudi tena kwao. Sikuolewa. Nilikodi chumba karibu na shule, nikanunua jiko la makaa na blanketi nzito, na Jumapili ya kwanza nikaenda kanisani kutafuta kwaya.

Kuimba ndicho kipawa Mungu alichonipa. Naimba sauti ya pili. Mama alinifundisha nikiwa mdogo, yeye akishika ya kwanza huku anafua, mimi nikimfuata kwa chini. Sijawahi kuwa mtu wa kuanzisha wimbo; mimi ni wa kujaza. Katika kwaya ile nilipata watu wa kuniuliza nimeamkaje na wa kuniletea uji nikiugua. Nje ya hapo sikuwa na mtu.

Labda jirani mmoja tu, mkulima wa viazi, aliyekuwa akipitia kwangu kila asubuhi na maziwa. Hakuwa mwongeaji. Alisema, "Mwalimu, leo kuna baridi," hata kama baridi ilikuwa ileile ya jana, kisha akaenda zake. Kanisani alikaa nyuma kabisa na mke wake na mama yake mzee.

Asubuhi moja hakupita. Wakati wa mapumziko mwalimu mwenzangu akaniambia jirani yangu amekutwa amekufa, na kwamba alijitoa uhai. Hakuna aliyejua sababu, hata mkewe. Nilirudi darasani nikafundisha kugawanya, na mpaka leo sikumbuki niliandika nini ubaoni.

Jioni ya mazoezi, mwenyekiti wa kwaya, mama yuleyule aliyeniletea uji, alitueleza kwamba wazee wa kanisa wamekaa na kuamua: kanisa halitamzika. Hakutakuwa na mahubiri wala kwaya. Hakusema kwa ukali. Macho yake yalikuwa mekundu. Mmoja wetu akauliza kama tunaweza kwenda kama majirani tu. Akajibu kwamba mtu anaweza kwenda, ila asiimbe.

Kesho yake nilikwenda kwa mchungaji. Ni mtu mpole, mdogo kwangu kwa umri. Aliniambia hajamhukumu marehemu, lakini akisimama pale na Biblia watu wataona kanisa limesema ni sawa, na kuna vijana wanaotazama. Nikamwambia mama wa marehemu bado yuko hai, na atamzika mtoto wake bila wimbo hata mmoja.

"Ukiimba, Mwalimu, utaimba peke yako," akasema. "Na mimi sitaweza kukutetea."

Niliogopa. Sikuogopa kwamba Mungu atanikasirikia, niliogopa Jumapili. Niliogopa kuingia mahali ambapo kila mtu ananijua, halafu kila mtu atazame pembeni. Nilijaribu kuomba, na kila mara nikajikuta naulizia jambo lilelile: kama sauti hii nilipewa, nilipewa ya kazi gani?

Siku ya mazishi manyunyu yalianza mapema. Hakukuwa na hema. Watu wengi walisimama nje ya ua, barabarani, kama wapita njia. Ndani tulikuwa wachache, pamoja na ndugu wa marehemu aliyetoka Gilgil. Jeneza lilipokwisha kuteremshwa, huyo ndugu akauliza kama kuna mtu wa kuomba. Mjane alikuwa akitazama matope. Nikasogea mbele.

Nilianza wimbo wa mazishi tuliozoea kuuimba kwenye kwaya, lakini juu mno. Sauti ikakatika kwenye mstari wa kwanza, nikakohoa, nikaanza upya. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo: wimbo ule niliujua kwa sauti ya pili tu. Ya kwanza ilikataa kunijia. Basi nikaimba nilichokuwa nacho. Sauti ya pili ikiwa peke yake haieleweki. Husikii wimbo, unasikia pengo la wimbo. Wale wa barabarani huenda walidhani nimechanganyikiwa. Niliimba ubeti mzima hivyo.

Kwenye ubeti wa pili, mama mzee wa marehemu, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki amejifunika blanketi, akaingia na sauti ya kwanza. Alitetemeka, na mahali pengine aliimba kwa lugha ya kwao, lakini hakuuachilia. Tukaenda pamoja mpaka mwisho. Kisha nikaomba kwa kifupi, kwa sababu mimi si mhubiri. "Baba," nikasema, "huyu alikuwa akituletea maziwa. Mpokee." Wanaume wakaanza kufukia.

Wakati wa kuondoka mjane alinishika mkono. "Nilidhani tutamzika kama mtu asiye na Mungu," akaniambia.

Jumapili mwenyekiti wa kwaya alinisubiri mlangoni. Alisema hawajanifukuza, ila wazee wameonelea nipumzike kidogo. Nilirudisha sare yangu nikiwa nimeipiga pasi. Mapumziko hayo hayajaisha. Nakaa nyuma kabisa. Watu wananisalimu vizuri na kupita, na nikiugua najipikia mwenyewe. Mjane na mama mkwe wake walihamia Gilgil kwa yule ndugu. Siku za mazoezi naisikia kwaya nikiwa chumbani kwangu. Nafunga dirisha, halafu baada ya muda nalifungua tena.

Viazi vilipovunwa msimu uliofuata, mchungaji alikuja shuleni. Nilimkuta amesimama barazani, kofia mkononi. Msichana mmoja wa mashamba ya juu alikuwa amejitoa uhai vilevile. Wazee walikuwa na msimamo wao uleule. "Mama yake ameuliza kama yule mwalimu anaweza kwenda," akasema.

Nikamuuliza, "Na wewe, Mchungaji?"

Alitazama watoto wakicheza uwanjani. Akasema hajui.

Siku ya mazishi alikuja. Hakuvaa kola ya uchungaji, alivaa koti kuukuu na gambuti, akasimama katikati ya watu. Biblia hakufungua. Nilipoimba aliinamisha kichwa, na nikaona midomo yake ikifuata maneno. Tulipomaliza akapokea koleo kwa mtu aliyechoka, akafukia mpaka kaburi likajaa. Akanawa mikono kwenye ndoo, akamsalimu mama wa msichana kwa mikono yote miwili, akaondoka bila kunisemesha.

Jumapili iliyofuata hakutangaza lolote, na mimi sikuuliza. Mwenyekiti alinipungia mkono kwa mbali. Tangu hapo nimeitwa mara nyingine kadhaa kwenye maboma ambayo kwaya haiendi, na ninakwenda. Siku ile ya mazishi ya msichana nilishuka na barabara ya malori hadi nyumbani, viatu vimejaa matope, nikaanza kuimba njiani kwa sababu hakukuwa na mtu wa kunisikia. Nilipofika nikawasha jiko, nikakaa karibu nalo mpaka miguu ikapata joto.