Faili Lilijaa Kaka Akisema

Kazini walimwita Masikio, na jina lilimganda kiasi kwamba hata mkewe akikasirika alimwita hivyohivyo. Alikuwa fundi wa kunasa sauti. Mikutano, mihadhara, mashauri, popote watu walipokaa kitako wakasema mpaka wasikilizaji wakafa ganzi, yeye alikuwepo. Wengi hudhani kazi hiyo ni kubonyeza kitufe na kusinzia. Wajaribu siku moja.

Adui yake hakuwa kelele. Adui yake alikuwa mtu anayesema kwa muda mrefu. Kinasa sauti alichopewa kilikuwa cha zamani, hakikuweza kuandika faili linalozidi gigabaiti nne. Faili likifika hapo, kinalifunga chenyewe na kufungua jingine, na katika kufunga na kufungua kinameza maneno ya sekunde kadhaa, bila taarifa wala samahani. Masikio alijifunza kukitangulia. Aliweka ubora wa sauti wa kati ili faili linenepe polepole, kisha akamvizia msemaji anywe maji, akohoe au afute miwani, na papo hapo akalifunga mwenyewe na kufungua jipya. Hakuna aliyewahi kuusikia mshono wake. Wenzake walimtania, "Huyu bwana anaweza kukukata kati ya neno na neno, na usitoke damu." Alijifanya hasikii, lakini sifa hiyo ilimnenepesha.

Ndipo likaundwa baraza la kuchunguza moto uliounguza kiwanda cha magodoro miaka mingi nyuma. Wafanyakazi walikuwa wamefia ndani, mlango ukiwa umefungwa kwa nje, na miaka yote hiyo hakuna aliyesema ufunguo ulikuwa kwa nani. Baraza lilikaa katika ukumbi wa jengo kuukuu, na Masikio akawekwa kwenye kichumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa stoo ya mafagio, wakakitoboa ukuta na kukitia kioo. Hewa hakuna, dirisha hakuna. Mlango wake ulilia vibaya, kwa hiyo ulifungwa tangu kikao kinaanza, na aliye ndani alikaa humo na jasho lake. Hata angepiga kelele asingesikika ukumbini. Alichokuwa nacho ni swichi ya taa ndogo iliyo mezani kwa shahidi. Taa ikiwaka, maana yake: nyamaza kidogo.

Siku ninayoisimulia, shahidi alikuwa kaka yake, tumbo moja.

Masikio alikwenda kwa mwenyekiti, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, akaomba atafutwe fundi mwingine. Mama yule akamtazama juu ya miwani. "Mwingine yuko wapi? Kaa kazini, baba. Mashine haina ukoo."

Kaka alikuwa miongoni mwa waliopenya kwenye tundu la hewa, akatoka na mkono mmoja umekunjamana na sauti ya kukwaruza. Tangu hapo ukimuuliza habari za moto, aliinuka kimya akaenda kulala. Na ukimkatiza katikati ya sentensi, ndiyo basi, hairudi tena. Shemeji alimbembeleza mpaka akachoka, akaanza upya kubembeleza, na hatimaye kaka akasema, "Nitakwenda. Mara moja tu."

Kwa sababu ya hiyo mara moja, Masikio alifanya jambo ambalo angemgombeza mwanafunzi wake kwa kulifanya. Alipandisha ubora wa sauti mpaka juu kabisa, na kila maiki akaipa mkondo wake. Alitaka sauti ya kaka ikae duniani kama ilivyo, na mkwaruzo wake wote. Hakupiga hesabu. Mganga hajigangi.

Kaka alianza taratibu. Alieleza zamu ilivyokuwa, marobota ya sponji, amri ya mwenye kiwanda kwamba mlango ufungwe kwa nje ili watu wasiibe vitambaa. Kisha akafika kwenye moshi. Hapo alinyamaza, akanywa maji. Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote, angeweza kufunga faili na kufungua jingine na kubakiwa na muda wa kupiga chafya. Lakini Masikio alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa shati. Alipotazama kinasa sauti, alishtuka. Faili lilikuwa limeumuka kama unga uliozidishiwa hamira. Gigabaiti nne zilikuwa mlangoni.

Na kaka sasa hakupumua. Maneno yaliyokaa ndani miaka yote yalitoka mfululizo, bila koma, bila hata kumeza mate. Masikio aliweka kidole kimoja kwenye kitufe na kingine kwenye swichi ya taa. Akiwasha taa, kaka atanyamaza, na akinyamaza hataendelea kamwe. Asipoiwasha, mashine itakata inapotaka yenyewe. Ubora haupunguzwi faili likiwa linaandikwa. Kila njia ilikuwa imezibwa, na yeye katikati, shati limemganda mgongoni. "Pumua, kaka," alinong'ona. "Mara moja tu, pumua."

"Nilimwona kwenye ufa wa mlango," kaka alisema. "Ufunguo alikuwa nao mkononi. Moto ukamtisha, akageuka akakimbia. Mtu huyo alikuwa baba yetu mzazi, mlinzi wa zamu, na sasa hayupo duniani. Nimemaliza."

Baba yao! Aliyewabeba mabegani, aliyezikwa na umati ukilia. Masikio hata hakuona faili jipya lilipofunguka.

Utaratibu wa baraza ulikuwa kwamba shahidi akimaliza husikilizishwa maneno yake ya mwisho, akubali ni yake. Masikio akarudisha nyuma, akafungulia spika za ukumbi. *Akageuka akakimbia. Mtu huyo alikuwa…* Kisha moja kwa moja: *…hayupo duniani. Nimemaliza.*

Ukumbi ukanguruma. Vichwa vyote vikageukia kioo. Hakukuwa na haja ya kusikia, midomo yao ilisomeka: mtoto amemsitiri babake. Nani angeamini ni mashine? Mtu anayejua kukata bila damu, leo akate jina la baba yake kwa bahati mbaya!

Mwenyekiti akagonga meza. "Kisichomo kwenye sauti hakiingii kwenye ripoti. Shahidi, rudia jina."

Kaka alikitazama kioo kwa muda. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. "Anayenasa ni mdogo wangu, Mheshimiwa. Kama yeye ameona lisiwemo, mimi nani nimvue nguo baba peke yangu? Niacheni."

"Sikukata!" Masikio alipiga kelele. "Kaka, mimi sikukata!" Mdomo wake ulifunguka na kufumbika nyuma ya kioo, na hakuna aliyesikia neno. Mkono ukaenda kwenye swichi, kitu pekee kilichofika ukumbini. Taa ikawaka mezani. Kaka akaiona, akatikisa kichwa kukubali kwamba anaambiwa anyamaze, akaanza kuinuka.

Kwenye safu ya mbele wajane nao walikuwa wanaokota mikoba yao. Walikuja kusikia jina moja, na sasa walikuwa wanarudi nalo kama uvumi.

Masikio akavua vidude vya masikioni. Angeweza kukaa. Akikaa, baba angebaki mtu mwema kwenye karatasi, na lawama angebeba yeye, na pengine hata angeshukuriwa kimyakimya na ukoo mzima. Hilo lilimtisha kuliko kichumba chenyewe. Akausukuma mlango, ukalia kama kawaida yake, akapita kati ya viti mpaka mezani. Kaka alimshika mkono. "Basi, mdogo wangu. Imetosha."

Masikio akainamia maiki.

"Amesema ni baba. Mlinzi wa zamu. Ndiye aliyekuwa na ufunguo, na alikimbia nao."

Wajane wakasimama palepale, mikoba mikononi.

"Fundi si shahidi," mwenyekiti alisema, lakini sauti yake ilikuwa imelegea. Akamgeukia kaka. "Ndivyo ulivyosema?"

Kaka akafumba macho. "Ndivyo."

"Na wewe," mwenyekiti akamwambia Masikio, "kwa kumbukumbu, wewe ni nani?"

Masikio akainamia maiki tena.

"Mwanawe."